Nywele za Wahudumu wa Lexington: moshi, mipaka ya kaunti na saratani ya mapafu

Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kentucky waliwaomba wahudumu wa baa na mikahawa ya mji wa Lexington, jimbo la Kentucky, Marekani, kitu ambacho hawakuzoea kuombwa kazini: nywele. Ni kishungi chembamba tu. Kinakatwa karibu kabisa na ngozi ya kichwa na kupelekwa maabara. Unywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, na nikotini ikishaingia humo haitoki upesi. Kwa hiyo sentimita ya kwanza kutoka kwenye ngozi inabeba habari za mwezi uliopita, ya pili za mwezi wa nyuma yake. Mhudumu anaweza kusahau ni zamu ngapi alisimama katikati ya wavutaji, lakini unywele wake unakumbuka.

Waliotoa nywele walikuwa 105, wavutaji na wasiovuta pamoja. Walipimwa kabla ya mji kupiga marufuku uvutaji ndani ya majengo, wakapimwa tena baada ya miezi 3, kisha miezi 6. Nikotini kwenye nywele ilishuka, na kwa wahudumu wa baa ilishuka zaidi kuliko kwa wale wa mikahawa. Dalili za kifua kama kikohozi zilipungua, hata kwa wale ambao wenyewe waliendelea kuvuta. Walipoulizwa moshi wa wengine umepungua wapi katika maisha yao, jibu lilikuwa kazini na mahali pa umma. Nyumbani na kwenye magari mambo yalibaki yalivyokuwa.

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike juu ya mji ulio mbali na kwetu. Nyumbani mtu anaweza kumwambia shemeji yake atoke nje na sigara. Kwenye gari anaweza kushusha kioo, au akakataa lifti. Kazini, mwenye trei mkononi na kodi ya nyumba shingoni hana wa kumwambia. Mteja akiwasha, yeye anavuta naye kwa saa nane.

Tena hili lilitokea Lexington. Mimi ni mtoto wa Urambo, mkoani Tabora, Tanzania. Nimekua nikiona mabani, vibanda vya kukaushia tumbaku, yakifuka, na karo zetu zilitoka kwenye tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa joto la bani. Nilipoanza kusoma habari za Kentucky nilijihisi nyumbani. Wao wa katikati ya jimbo wanalima tumbaku ya hewa, aina ya burley, majani yanatundikwa kwenye fito ndani ya mabanda marefu ya mbao yenye milango ya upepo, mara nyingi yamepakwa rangi nyeusi. Magharibi ya jimbo wanalima tumbaku ya moshi, kama ndugu zetu wa Namtumbo, kusini mwa Tanzania. Lexington ilikuwa soko kubwa la burley lenye maghala ya mnada, na kwa vizazi vingi bei ya tumbaku ndiyo iliyoamua Krismasi ya familia itakuwaje. Kuanzia miaka ya 1930 serikali ya Marekani iliwawekea wakulima mgao wa kulima na bei ya kuwalinda. Mgao huo ulifutwa kwa sheria ya mwaka 2004, na wenye mashamba wakalipwa fidia. Mwaka huohuo sigara ilitolewa kwenye baa za Lexington. Anayefikiri huo ulikuwa uamuzi mwepesi hajawahi kuishi mahali ambapo zao moja ndilo linalolisha kila mtu.

Halmashauri ya mji, ambayo ndiyo hiyohiyo ya Kaunti ya Fayette, ilipitisha sheria ndogo Julai 2003. Chama cha wenye biashara za vyakula na vinywaji kikaenda mahakamani. Hoja yao ilikuwa kwamba mji hauna mamlaka hayo, na kwamba biashara binafsi ni mali ya mwenyewe. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu Kabisa ya Kentucky, nayo Aprili 2004 ikasema kulinda afya ya watu ni kazi halali ya serikali ya mji. Tarehe 27 Aprili 2004 sheria ikaanza kutumika, ya kwanza ya aina yake katika jimbo zima. Baadaye ikapanuliwa ikagusa sehemu nyingine za kazi zilizokuwa zimebaki nje.

Matokeo yake yamepimwa kuliko ya miji mingi. Muuguzi na profesa Ellen Hahn na wenzake wa chuo kikuu hicho walikuwa wameshajipanga kabla sheria haijaanza, na hilo ni jambo la kupongezwa, kwa sababu mara nyingi vipimo huja tukiwa tumeshachelewa kujua hali ya mwanzo. Waliingia kwenye kumbi na baa wakiwa na mashine ndogo ya kupima chembe laini za hewani, zile zinazopita pua na koo zikafika chini kabisa ya mapafu. Kabla ya sheria wastani ulikuwa mikrogramu 199 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Baada ya sheria ulikuwa 18. Kuta ni zilezile, jiko ni lilelile, feni ni zilezile. Kilichoondoka ni sigara.

Uvutaji wenyewe nao ukapungua. Kabla ya sheria, asilimia 25.7 ya watu wazima wa Fayette walikuwa wanavuta. Baadaye ikawa asilimia 17.5. Watafiti wakalinganisha na kaunti 30 za Kentucky zinazofanana nayo ambazo hazikuwa na sheria: huko ilitoka 28.4 ikawa 27.6, karibu palepale. Walikadiria wavutaji waliopungua kuwa 16,500. Pia waliofika idara za dharura za hospitali kwa sababu ya pumu walipungua kwa asilimia 22. Nayaamini matokeo haya zaidi ya mengine kwa sababu kulikuwa na wa kulinganishwa nao. Mtu akidai kuwa Wamarekani wote walikuwa wanaacha sigara wakati ule, kaunti zile 30 zinamjibu.

Louisville, mji mkubwa kuliko yote Kentucky, ulianza kwa njia nyingine, na wanaotunga sheria kwetu wangeisoma sehemu hii taratibu. Sheria yake ya kwanza ilikuwa na misamaha: baadhi ya baa ziliruhusiwa kuendelea kwa masharti. Watafiti waliporudi na mashine yao hawakuona hewa ikibadilika kwa kiasi cha maana. Ilibidi mji utunge sheria kamili iliyoanza Julai 2007, na hata hiyo ikaacha nje uwanja wa mbio za farasi wa Churchill Downs, ule wa Kentucky Derby. Msamaha huo nao ulipelekwa mahakamani na mwishowe ukafutwa. Fikiria mhudumu aliyekuwa akimwaga bia uwanjani pale, na mwenzake anayemwaga bia mtaa wa pili. Mapafu yao ni ya aina moja. Aliyewatofautisha ni aliyeandika kifungu cha msamaha.

Kuna sababu ya kimaumbile inayofanya sheria nusu isifae. Moshi wa sigara una kemikali maelfu, na karibu 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Ule unaotoka kwenye ncha inayoungua haupiti kwenye kichungi cha sigara, unakwenda hewani moja kwa moja na kusambaa chumba kizima. Ripoti ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani ya mwaka 2006 ilisema wazi kwamba hakuna kiwango kisicho na madhara, na kwamba kutenga meza, kusafisha hewa kwa mashine au kufungua madirisha hakumkingi asiyevuta. Ripoti hiyohiyo iliweka ongezeko la hatari ya saratani ya mapafu, kwa asiyevuta anayeishi au kufanya kazi kwenye moshi, kuwa kati ya asilimia 20 na 30. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilikuwa limeshauweka moshi wa wengine kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Kama hayo yanaonekana ya jumla mno, kuna kipimo kimoja cha jimbo la Oregon. Wakati ule baadhi ya miji ya Oregon ilikuwa na marufuku na mingine haikuwa nayo. Watafiti walichukua mkojo wa wahudumu wasiovuta, kabla ya zamu na baada ya zamu, wakatafuta mabaki ya NNK, kemikali ya saratani ambayo chanzo chake ni tumbaku, hivyo huwezi kusingizia moshi wa mkaa wala wa magari. Kwa waliofanya kazi kwenye moshi, mabaki hayo yalipanda kwa wastani wa asilimia 6 kwa kila saa ya kazi. Yaani saa yenyewe, ile anayolipwa ujira, ndiyo iliyokuwa inaongeza.

Sasa saratani. Kentucky kwa miaka mingi imekuwa juu kabisa Marekani kwa wagonjwa wapya na vifo vya saratani ya mapafu. Ukiiweka kando ya Utah, jimbo la chini kabisa, Kentucky ina wagonjwa wapya zaidi ya mara 3 kwa idadi ileile ya watu. Hii ni nchi moja, yenye dola moja na madaktari waliosoma vitabu vilevile. Mtu anaweza kushawishika kusema: Utah ilitunga sheria ya hewa safi ya jimbo zima mwaka 1994, Kentucky haijatunga mpaka leo, basi jibu ni hilo. Siyo hilo peke yake. Utah ni nchi ya Wamormoni, ambao dini yao imewakataza tumbaku tangu karne ya 19. Sheria iliwakuta watu wengi hawavuti. Sigara ya Kentucky nayo ilikuwa rahisi mno. Kodi ya jimbo kwa pakiti ilikuwa senti 3 tu hadi mwaka 2005, ikapanda senti 30, kisha 60, na mwaka 2018 ikafika dola 1 na senti 10.

Ardhi yenyewe pia imo. Chini ya sehemu kubwa ya Kentucky kuna miamba ya chokaa yenye mapango na nyufa, na kwenye nyufa hizo hupanda radoni, gesi yenye mionzi inayotoka ardhini. Haina rangi wala harufu. Inaingia ndani ya nyumba kupitia msingi na kukaa vyumba vya chini. Kwa Marekani radoni ndiyo ya pili baada ya sigara kwa kusababisha saratani ya mapafu, na ikikutana na moshi hatari ya viwili hivyo pamoja inazidi jumla yake. Chembe zake za mionzi hunasa kwenye chembe za moshi, zikavutwa pamoja. Kwa hiyo ukumbi wenye moshi uliojengwa juu ya miamba ile ni tofauti na ukumbi wenye moshi uliojengwa kwingine, na hapo ndipo ramani ya miamba na ramani ya sheria zinapokutana. Watafiti wa Kentucky wamezichora zote mbili.

Mashariki ya jimbo, kwenye milima ya Appalachia, ongeza umaskini, machimbo ya makaa ya mawe na umbali wa hospitali. Mtu anayechimba makaa mchana na kukaa baa yenye moshi jioni, akarudi nyumba yenye radoni, huwezi kumwambia kipi kimemuua. Vimeshirikiana.

Ndiyo maana utafiti wa mwaka 2018, wa Hahn na wenzake tena, una uzito kwangu. Walichukua miaka 20 ya rejista ya saratani ya Kentucky, watu wa miaka 50 na zaidi, wakazipanga jamii kwa nguvu ya sheria zao: zenye sheria kamili inayofunika sehemu zote za kazi na za umma, zenye sheria yenye misamaha, na zisizo na sheria. Wakazingatia tofauti nyingine, kama umri, elimu na uvutaji. Penye sheria kamili wagonjwa wapya wa saratani ya mapafu walikuwa pungufu kwa karibu asilimia 8 kuliko pasipo na sheria. Penye sheria yenye misamaha hawakuona tofauti ya kuaminika. Sheria nusu ilionekana kama hakuna sheria, vilevile kama mashine ya hewa ilivyosema Louisville.

Sitaki kuupa utafiti huo zaidi ya unachobeba. Saratani ya mapafu huchukua miongo kukomaa. Mgonjwa aliyegundulika mwaka 2010 alianza safari hiyo labda miaka ya 1980. Miji inayotunga sheria kali huwa tayari ina wasomi wengi, hospitali karibu na watu wenye hamu ya kuacha, na hata ukizingatia mambo hayo kwenye hesabu, kuna kitu hubaki hakijakamatwa. Inawezekana sheria ni dalili ya mji unaojali afya, kama ilivyo chanzo cha afya yenyewe. Naona vyote viwili ni kweli. Hata hivyo, kati ya vyote vilivyotajwa hapa, miamba, kipato, dini, milima na mazoea ya ukoo, kimoja tu ndicho halmashauri inaweza kukibadilisha kwa kura ya jioni moja, na ni hewa ya mahali pa kazi.

Jimbo lenyewe lilikaribia. Februari 2015 Baraza la Wawakilishi la Kentucky lilipitisha muswada wa kuzuia uvutaji sehemu zote za kazi, kura 51 kwa 46. Ulipofika Seneti ukafia hapo. Mwaka 2019 ilipita sheria ya kuziweka shule huru na tumbaku, hatua njema. Lakini kwa watu wazima kazini, ulinzi umebaki mikononi mwa kila mji na kila kaunti kati ya kaunti 120. Matokeo yake sheria kamili zinafunika karibu theluthi moja tu ya wakazi, na nyingi ziko mijini. Mhudumu wa mji anapumua. Mhudumu wa kijijini, ambaye mara nyingi kipato chake ni kidogo na hospitali yake iko mbali, ndiye anayebaki kwenye moshi. California ilitunga sheria moja kwa sehemu za kazi za jimbo zima iliyoanza mwaka 1995, na baa zikaingia mwaka 1998. Huko mpaka wa kaunti haumpi mtu mapafu tofauti.

Natazama kwetu. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 na ya Kenya ya mwaka 2007 zote zinakataza uvutaji mahali pa umma, na zote zimeacha nafasi ya eneo lililotengwa kwa wavutaji. Uganda mwaka 2015 ilikwenda mbali zaidi, ikafunga sehemu za umma na za kazi zote, pamoja na mita 50 kuzizunguka. Baada ya kusoma kisa cha Louisville, siwezi tena kuliangalia lile eneo lililotengwa kwa macho ya zamani. Kuna mtu anafuta meza humo ndani na kumwaga vibia vya majivu. Huyo hajatengwa.

Na kwa upande wa wakulima, ambao ndio watu wangu, sikubali hoja kwamba kumlinda mhudumu ni kumuua mkulima. Baa za Lexington hazikuwa ndizo zinazonunua majani ya burley. Kilichowayumbisha wakulima wa Kentucky ni kufutwa kwa mgao, ushindani wa nje na kampuni kununua kwa mkataba na mkulima mmoja mmoja, mambo ambayo mkulima wa Urambo anayeuza kupitia chama cha msingi anayajua vizuri bila kufundishwa. Huko Migori, Kenya, wapo wakulima walioanza kuacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma kwa msaada wa serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa. Hayo yanahitaji soko la uhakika na mbegu. Baa yenye moshi haimsaidii mkulima kwa lolote.

Kisa hiki kinawahusu pia wasomaji wa lugha hii walioko hukohuko. Lexington, Louisville na Bowling Green zina jamii kubwa za Wakongomani, na Kiswahili kinasikika kwenye mabasi ya shule, makanisani na kwenye viwanda. Miji hiyo mitatu ina sheria. Lakini kazi haziishii kwenye mipaka ya mji, na anayepata zamu ya usiku kaunti ya jirani anaweza kukuta mambo mengine kabisa. Dada, kaka, uliza kabla ya kukubali: humu ndani watu wanavuta?

Na ukienda hospitali, zingatia jambo hili. Kentucky ni miongoni mwa majimbo yanayofanya vizuri katika kupima watu mapema kwa CT ya dozi ndogo, picha ya ndani ya kifua inayopigwa kwa mionzi kidogo, kipimo kinachoweza kuona saratani ya mapafu ikiwa bado ndogo. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2021 unawapokea watu wa miaka 50 hadi 80 waliovuta kwa kiasi cha pakiti moja kwa siku kwa miaka 20, ambao bado wanavuta au wameacha ndani ya miaka 15. Mwanamke aliyehudumu baa yenye moshi kwa miaka 20, akiwa hajawahi kushika sigara, hayumo kwenye mwongozo huo. Nywele zake zingeweza kuonyesha nikotini miaka yote hiyo, na bado foleni ya kipimo haina nafasi yake. Daktari akikuuliza kama unavuta, usiishie kwenye hapana. Mtajie miaka uliyofanya kazi kwenye moshi wa wengine, na uombe aiandike kwenye faili.